Kengele ya Madam

Jumanne, 2 Septemba 2025

Nimeweka oda! Mimi, Godlove wa Pasua, nimo kwenye hamsini wa kwanza Kilimanjaro nzima. Kitu chenyewe hakijatoka. Hakipo dukani, hakipo Dar, hakipo popote. Kipo kwenye picha tu. Ndiyo raha yake — kila mtu anaweza kununua kitu kilichopo.

Kinaitwa Kengele. Kidude cha plastiki, ukubwa wa kipande cha sabuni, ng'ombe anavalishwa shingoni. Kinasikiliza anavyocheua, kinapima joto lake, kinahesabu hatua zake. Halafu kinakutumia ujumbe: ng'ombe anaumwa, ng'ombe anataka dume, ng'ombe kaibiwa. Wakala wao hapa Moshi anaitwa Tito. Shati jeupe, viatu havina vumbi. Katika Pasua hii! Anasema unatoa kianzio sasa, kitu kinakuja mwisho wa mwezi. Nimeuza spika yangu kubwa. Majirani wamefurahi.

Ni kwa ajili ya Bibi Kornelia, kule Marangu. Yaani ni kwa ajili ya Madam, ng'ombe wake, anayetembea kama bibi afya anayekagua vyoo. Tangu Babu Jacob afariki mwezi wa pili, Bibi anakamua mwenyewe, anakata majani mwenyewe. Mimi niko huku chini nauza makava ya simu. Nikaona, nisipopanda mimi, kidude kitakuwepo.

Naandika kwenye daftari langu la Uraia la kidato cha pili. Kurasa saba zimeandikwa, zilizobaki tupu. Niliiacha shule daftari likiwa bado linanukia duka.

Alhamisi, 4 Septemba

Fomu yao ni ya kwenye simu, na ni ndefu kuliko mtihani wa taifa. Jina. Namba ya kitambulisho. Jina la ng'ombe. Nani anakamua, saa ngapi, nani analala nyumba iliyo karibu na zizi. Halafu: wanafamilia wawili watakaopokea taarifa.

Wa kwanza mimi. Wa pili? Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Bibi ana simu ya tochi. Nikamweka Mjomba Ebenezeri wa Shirimatunda, mdogo wake Mama. Ana simu kubwa na anapenda ionekane.

Halafu ruhusa. Ruhusu mahali. Ruhusu majina yaliyo kwenye simu. Ruhusu meseji. Ruhusu sauti. Nikabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu, kama napiga ngoma.

Meza yangu iko kwenye baraza la Pamela, mwenye stationery. Huyu dada alimaliza kidato cha sita na hataki mtu asahau. Akaninyang'anya simu, akaenda hadi kwenye masharti, Kiingereza kitupu, ukurasa wa tisa. Akauliza ng'ombe anataka kusoma meseji zangu ili iweje. Nikamwambia labda ana wivu. Hakucheka. Akasema hapa wameandika kidude kinaweza kuchukua sauti zote zilizo karibu na mfugo, na kwamba "washirika" wao wanaweza kuzisikiliza. Washirika gani? Hawajatajwa.

"Godi, sauti hizo unampa nani?"

"Sauti za Madam? Kwani Madam ana siri gani, dada? Siri ya majani?"

Baraza zima likacheka. Yeye akaendelea tu. Kampuni ina mwaka mmoja na nusu. Ikifa kesho, vitu vyenu vinabaki na nani? Nikamwambia siku ya harusi yako utasoma masharti mpaka pilau ipoe.

Nimebonyeza nakubali.

Baada ya kubonyeza nikakumbuka kitu. Bibi huwa anaongea na Madam. Sisi wote tunajua, tulikuwa tunamcheka. Tangu msiba anaongea naye zaidi.

Ah. Kichagga chenyewe. Watasikia nini.

Jumapili, 7 Septemba

Nilipanda Marangu. Simu iliniambia: zunguka eneo la mfugo ukiwa umeshika simu, ili Kengele ilie ng'ombe akitoka nje ya eneo. Mtu mwenye akili angezunguka zizi. Hatua ishirini, kwisha. Mimi nikaona aibu, ramani ya zizi tu, kama mtu hana kwao! Nikazunguka kihamba chote, shamba zima la ukoo. Nikafuata mstari wa masale, yale yaliyopandwa na baba yake Babu kuonyesha mpaka, kuanzia kwa jirani mpaka chini kwenye mfereji, nikapandisha na upande wa kahawa. Simu nimeinyoosha mbele kama mtu anayetafuta maji.

Nikafika kaburini. Saruji imeshakauka vizuri. Kuna mgomba umeangushia jani juu yake, nikaliondoa. Nikasimama nione kama itakuja ile hali. Watu wote walishalia, hata Mjomba alilia mpaka akashikwa. Mimi bado. Simu ikasema: Endelea kutembea.

Nikaendelea.

Eliona, jirani, alikuwa anachuma kahawa upande wake. Akaacha kuchuma. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia taratibu, macho kwenye simu.

Bibi alipika mtori, supu yake ya ndizi. Nikamweleza kuhusu Kengele. Akauliza, kwa hiyo nikiwa mgonjwa mimi, kinaita pia? Nikamwambia hapana Bibi, ni ya Madam tu. Akasema basi Madam ana bahati.

Jumatatu, 15 Septemba

Mjomba kapiga. Hata salamu hakungoja. Kasikia napima kihamba.

Nikacheka. Nikamweleza, ng'ombe, kidude, ramani. Akasema taratibu kwamba masale hayatembelewi na kipimo mpaka kuna mtu anagawa au anauza. Na wa kugawa si mtoto wa dada. Mziwanda wa nyumba ile, mrithi wake kwa mila, ni yeye.

Nikamwambia Mjomba, wewe mwenyewe nimekuandika kwenye fomu, utapokea taarifa zote. Hilo likampoza kidogo. Aliuliza zitaingia kwenye simu gani.

Jumanne, 30 Septemba

Leo ndiyo ilikuwa siku ya Kengele. Imekuja meseji: "Tunathamini uvumilivu wako." Simu ya Tito haipatikani. Pamela anaimba kwaya ndani ya stationery, wimbo mmoja tu, kwa makusudi.

Wenzangu wawili walioweka oda wamekuja mezani kwangu wamevimba. Nikawaambia tulieni, vitu vya maana huchelewa. Nilisema vizuri, wakaondoka wamenyooka. Mimi ni mtu wa maneno.

Ukweli ni kwamba sikuwa na wasiwasi. Si kwamba niliwaamini. Ni kwamba tangu mwezi wa pili mambo yananipita kama watu wanavyopita mbele ya meza, wanashika kava, wanarudisha, wanaenda zao.

Ijumaa, 10 Oktoba

IMEFIKA! Boksi jeupe, zito kama la biskuti za wageni. Tito kaleta mwenyewe, vumbi kwenye viatu safari hii. Nikalifungulia boksi juu ya meza ili Pasua nzima ione. Pamela akaja, akakigeuza, akaweka kidole kwenye kitundu kidogo pembeni.

"Hapa ndipo kinaposikilizia?"

Tito akasema ndiyo, lakini ni vipande tu, sekunde chache, kwa ajili ya kujifunza. Pamela akauliza nani anajifunza. Tito akasema mfumo. Pamela akamtazama vile anavyomtazama mteja anayetaka kuprinti bure.

Jumamosi, 11 Oktoba

Madam kavalishwa. Alinipiga teke moja la heshima. Mkanda una waya ndani na kufuli dogo, ili wezi wasikivue. Ufunguo unabaki kwa fundi wao. Kinawaka taa ya kijani kinaposikiliza. Kimelala, hakuna taa.

Bibi amekipenda! Amemwita Eliona na akina mama wawili wa jumuiya waje waone. Kamfuta Madam shingo kwa khanga. Akasema Babu yenu angekuwepo angeuliza kinakula nini. Wote wakacheka, na mimi nikacheka, kicheko changu kikubwa. Nilijisikia nikicheka, kama vile kuna mtu chumba cha pili.

Jumatano, 15 Oktoba

App inauliza maswali! Inakuletea sauti fupi, halafu: Tusaidie kutambua. Hii ni sauti ya nini? Ng'ombe — Mbwa — Mashine — Mtu.

Ya kwanza ilikuwa Madam anacheua. Nikabonyeza ng'ombe. Ya pili mbwa wa Eliona. Ya tatu kitu kinakwaruza, kinakwama, kinakwaruza. Nikabonyeza mashine. Nikairudia. Ni Bibi anakohoa.

Sikujua anakohoa hivyo. Mbele yangu huwa hakohoi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo imekuja sauti moja, si sekunde chache. Dakika mbili na kitu. Nilikuwa mezani, mchana, nikaweka spika za masikioni.

Maziwa yanaingia kwenye ndoo. Halafu Bibi, Kichagga chake kile cha polepole. Naandika kwa Kiswahili nilivyosikia:

"Tulia, Madam. Nikwambie. Ebenezeri anataka kuleta mtu anunue upande wa mfereji. Baba yake hata mwaka hajamaliza pale chini. Amekuja mara mbili, ananiletea mkate, anataka niweke dole gumba. Siweki. Nyumba hii na mpaka wake namwachia Godlove. Najua watasema mtoto wa binti. Waseme. Sijamwambia mtu, nakwambia wewe."

Maziwa. Maziwa.

"Lakini na huyo kijana ananitisha. Hajalia, Madam. Alibeba jeneza anatania wenzake. Anakuja, anakula, anasifia chakula, anaondoka. Sijui nimwite na jina gani ndiyo ageuke."

Halafu Madam anacheua tu, mpaka mwisho.

Hii ni sauti ya nini? Nikabonyeza mtu. Simu ikajibu: Asante! Umeisaidia Kengele kuwa na akili zaidi.

Nikasubiri. Nikasema sasa hapa nitalia, hapa hata mtu wa chuma analia. Akaja mteja, nikamuuzia kava ya kung'aa, nikamtania kuhusu kucha zake. Akafurahi. Kifua changu kama mkono ulioulalia.

Ndipo nikaona chini ya ile sauti, maandishi madogo ya kijivu. Imesikilizwa na: Godlove, Ebenezeri.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mjomba kaja mwenyewe Pasua. Hajawahi kufika mezani kwangu tangu nianze biashara. Nikasema shikamoo Mjomba, nikavuta kiti. Hakukaa.

Aliongea chini chini, na ndivyo ilivyokuwa mbaya. Kwanza ulipima mipaka. Halafu ukamtegea mama yangu kinasa sauti. Halafu kwa bahati tu, mama yangu anasema kihamba ni chako. Unaniona mimi nimesoma darasa gani?

Nikasema Mjomba, ningekuwa natega, ningekuandika wewe kwenye fomu? Jibu zuri, jibu la mwanasheria. Hakulisikia.

"Jumapili baada ya ibada kuna kikao cha ukoo. Pale pale nyumbani. Nitaiweka hiyo sauti mbele ya wote. Wasikie bibi yako anavyogawa mali kwa kumwambia ng'ombe. Wao ndio watasema kama mtu huyo ana akili timamu."

"Bibi anajua?"

"Atajua akijisikia. Na hicho kidude usikiguse. Hicho ndicho ushahidi wangu."

Akaondoka. Pamela alikuwa mlangoni na karatasi mkononi, mashine yake inalia nyuma, karatasi zimekwama. Hakusema "nilikwambia." Nilikuwa nimeandaa jibu la kumtania. Nimebaki nalo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeenda kwa Tito. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la madawa ya mifugo. Nikamwambia futa.

Anasema nikifuta kwangu, inafutika kwangu. Mpokeaji wa pili ana yake.

Basi mwondoe mpokeaji wa pili. Akajaribu. Mfumo unataka mpokeaji wa pili akubali kuondolewa, unamtumia namba za siri kwenye simu yake. Tulitazamana.

Na ile iliyokwenda kwenu? Imeshakwenda kule, bro. Kule wapi? Kule juu. Juu wapi, kileleni Kibo? Akasema kweli hajui. Alishauliza hilo swali siku ya mafunzo, wakamjibu litajibiwa mwisho, na mwisho walikula wakaondoka. Shati lake lilikuwa na wino mfukoni. Nilitaka nimkasirikie. Nilitafuta hasira kama mtu anayetafuta funguo mifuko yote. Hamna.

Ufunguo wa kufuli? Fundi anakuja Jumatano.

Kikao ni kesho.

Nikarudi barazani. Pamela akanimenyea chungwa, akanipa nusu. Akasema, mwambie Bibi wewe, kabla hajaambiwa na simu ya mjomba wako mbele ya watu. Nikamwambia nitamwambiaje, Bibi nimekuuza bila kujua? Akasema ndiyo, hivyo hivyo. Nikamwambia ungekuwa mchungaji kanisa lingebaki tupu. Akacheka kidogo. Afadhali.

Nimemkumbuka Babu. Nilikuwa mdogo, mbuzi wetu alikula mche wa kahawa wa baba yake Eliona, na Babu akamtukana mzee wa watu, eti mche ulikuwa njiani. Kesho yake nilimwona anakata jani la sale, analifunga fundo, anavuka nalo mpaka ameinamisha kichwa. Mzee yule alikuwa amekasirika kweli, lakini alilipokea. Sale likiletwa unapokea, hakuna namna. Nikamuuliza Babu, na kama hutaki kusamehe? Akasema kwanza unapokea, kutaka kunakuja baadaye.

Jumapili, 19 Oktoba

Asubuhi. Nimepanda mapema, ibada ya kwanza haijaisha. Bibi hakwenda kanisani, anapikia wageni. Mjomba kamwambia ukoo unakuja kuzungumzia uzio wa kaburi. Ameshamenya ndizi sufuria mbili. Amevaa gauni lake la Pasaka.

Nilipita kwenye mstari wa masale kwanza. Nikakata jani moja, refu, zuri. Nikalifunga fundo, likakaa vibaya. Nikalifungua nikalifunga tena. Mimi ninayefunga kava mia bila kutazama!

Bibi yuko zizini, anamkamua Madam kwa mara ya pili, maziwa ya chai ya wageni. Nikaingia. Shikamoo Bibi. Marahaba baba, mbona mapema, umekula? Nikalinyoosha lile jani. Mikono miwili, kama nilivyomwona Babu.

Akaliangalia. Mimi nilikuwa nimepanga maneno, njia nzima nimeyapanga, mazuri, ya kuanzia na utani kidogo. Nikaangalia shingo ya Madam. Taa haikuwa inawaka. Nikasema hapa hapa, sema.

Hayakutoka.

Bibi akafuta mkono kwenye gauni la Pasaka. Akalipokea. Hakuuliza. Akaliweka kwenye ukosi wa gauni, karibu na shingo, akarudi kwenye kigoda chake, akashika chuchu, akaanza tena kukamua. Nikakaa juu ya gunia la pumba. Daftari nilikuwa nalo, nimelitoa ili mikono iwe na kazi. Ndiyo naandika hivi sasa.

Anaongea. Haongei na mimi.

"Tulia, Madam. Umeona? Kijana kaniletea sale. Sijui amefanya nini. Fundo lenyewe limepinda, litazame. Nimepokea hata kabla sijajua, kama mume wangu angepokea."

Nimelitazama fundo. Kweli.

Taa imewaka. Kijani.

Bibi anaendelea, sauti ile ile ya chini, anamwambia Madam kuhusu mimi, nilivyokuwa namfuata Babu na kibuyu cha pombe ya mbege nisichoruhusiwa kukionja. Naweza kusimama nikafunika kile kitundu kwa kiganja. Ni hatua tatu.

Simu imetetemeka mfukoni. Tusaidie kutambua.

Kuna pikipiki inapanda kutoka barabarani, labda ni Mjomba, imekata kona ya kwa Eliona. Ukurasa umelowana hapa chini, wino unachuruzika, sijui ni maziwa au